Uvimbe Chini ya Sikio la Kamishna

...si kwamba dakika tatu ni nyingi, mtu aliyekaa miaka mitatu Bama vitani akisukuma nyumbu wa Mwingereza kwenye matope hana haki ya kulalamikia dakika tatu, lakini dakika tatu za kusimama nyuma ya ng'ombe, mkono wa kushoto umeinua mkia, mkono wa kulia umeshikilia themometa isizame kabisa huko ilikotiwa, nawe una miaka hamsini na mbili na cheti cha Edinburgh chenye muhuri mwekundu, hizo ni dakika za aina yake, na mkia wenyewe una mavi, na ng'ombe mwenyewe anaitwa Kamishna, Nyakio mwenye boma alimpa jina hilo kwa sababu tangu akiwa ndama hakuvumilia kungojeshwa, na sasa Kamishna anageuza shingo kadiri kamba inavyomruhusu, ananitazama kwa jicho moja lenye machozi, kama anayetaka kujua kwa heshima zote ni kitu gani nimepoteza huko... tulia mama, tulia, bado kidogo... jana homa ilikuwa arubaini nukta moja. Jana saa nne asubuhi, boma hili hili, mkia huu huu. Ng'ombe mzima hukaa kwenye thelathini na nane na nusu, na huyu alianza kupanda juzi, siku ya kumi na mbili tangu nimdunge sindano zangu, leo ni ya kumi na nne, leo ndiyo siku yenyewe, ikiwa imeshuka chini ya arubaini ameshinda, atakuwa mtamba wa kwanza Solai yote ambaye ndigana, homa hii ya kupe, haitamweza tena mpaka afe kwa uzee, ikiwa imepanda hadi arubaini na moja basi ndigana imemshinda yeye, na ikishamshinda mnyama hakuna sindano ya kumrudisha, Nakuru haipo, Nairobi haipo, Edinburgh niliuliza na kule hawana hata kupe wa kuwafanya wajali... "Daktari ya mkia," anaita Kipkemei kutoka kwenye moto, "umelala huko?" na mimi namjibu kwamba hapa harufu haimruhusu mtu kulala, anacheka, ni mtu wa kucheka, laiti asingekuwa mtu wa kucheka ningemchukia kwa urahisi zaidi, lakini tumejuana tangu alipokuwa mchungaji mkuu wa mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla halijakatwakatwa tukagawiwa, miaka ishirini alichunga ng'ombe wa mtu mwingine na hakupoteza wengi, na hawakupotea, kila mtu hapa atakuambia, kwa sababu ya ule msumari wa reli uliolala sasa kwenye makaa mlangoni mwa boma, ameutia mpini wa mti, ncha yake imeshaanza kugeuka rangi. Tezi ikivimba chini ya sikio la ng'ombe, hiyo ndiyo alama ya ndigana, hata mtoto wa nasari anaijua, anaitwa Kipkemei, Kipkemei anakuja na msumari wake, anachoma uvimbe mpaka nyama inanuka, na wapo waliopona, sitasema uongo, nimewaona na makovu yao ya duara kama muhuri wa posta, na wapo waliokufa wakiwa na kovu na ndigana vyote viwili, hao hawana wa kuwatembeza mnadani watu wawaone. Ndiyo maana Nyakio alimwita. Jana jioni alimpapasa mtamba wake chini ya sikio la kushoto, akakuta uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku, na hakuja kwangu, alikwenda kwa Kipkemei, na leo asubuhi nimefika na begi langu nikipiga mluzi, nikakuta moto umeshawashwa.

Nyakio ndiye anayeniumiza, si Kipkemei. Amesimama kichwani pa ng'ombe ameshika kamba kwa mikono miwili, gambuti za marehemu mumewe miguuni, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, na tangu nimeingia amesema maneno matatu, umekuja, Baba Mburu, na katika hayo matatu hakuna hata moja lililonikaribisha. Ng'ombe watatu wamefia ndani ya boma hili kwa miaka minne, wote kwa ndigana, wa mwisho alikuwa mama yake Kamishna, alianguka pale karibu na birika, povu puani, na Nyakio akamlea huyu kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, jikoni, karibu na mafiga, mtamba huyu alilala ndani ya nyumba kabla hajajua boma ni nini, na huyu ndiye aliyebaki, nyuma yake hakuna mwingine. Halafu nikaja mimi. Mimi na thamosi yangu ya barafu na mdomo wangu, mdomo wangu unajulikana kutoka Rangoon hadi Rongai, nikamwambia, Mama Njoki, hii ni dawa ya kuzuia, inadungwa siku moja tu, basi, akauliza, haina shida? nikasema shida gani, mimi jeshini nilidungwa mpaka nikawa chujio na bado niko mzuri hivi, akacheka, akamshika ng'ombe kichwa. Nikadunga mbili. Moja chini ya sikio la kushoto, maji kidogo yasiyo na rangi, nyingine kwenye shingo, ya njano, nyingi. Hakuuliza kwa nini mbili, na mimi, mtu wa maneno, nikaifunga thamosi yangu nikaaga...

"Chuma iko tayari," anasema Kipkemei. Ngoja, nasema. "Ningoje nini? Chuma haingojangi mtu. Ikipoa ni kuni tena, na kuni ni ya huyu mama." Nasema ngoja, Kipkemei, hii tezi haichomwi. "Nani amesema?" Mimi. "Wewe na nani?" na hapo ananipata, kwa sababu kweli, mimi na nani, mfukoni mwa shati nina barua ya Daktari Peterson, mkubwa wa mradi wetu wa sindano hizi, ambaye hajawahi kukanyaga boma hili, imepigwa mashine vizuri kabisa, inasema joto likifika arubaini na moja mnyama achinjwe siku hiyo hiyo, tezi itolewe ikiwa nzima, iwekwe kwenye barafu, ipelekwe maabara, na mwenye mnyama aelezwe kwamba ni bahati mbaya. Basi tazama utajiri wa tezi moja. Kipkemei anaitaka kwa moto, Peterson anaitaka kwa barafu, mimi naitaka ibaki pale ilipo, chini ya sikio, inauma, inafanya kazi yake. Hapana. Haichomwi na haikatwi. Wakitaka kuchoma kitu wanichome mimi, tumbo hili lina mafuta ya kuwatosha mpaka Krismasi, wakitaka barafu waende Mlima Kenya wachimbe, tezi hii haitoki, nimesema, mimi na nani, mimi na Kamishna, ambaye kwa sasa hawezi kunikana kwa sababu nimemshika mkia... na usipige teke, tafadhali, niko upande wako.

Kwa sababu naijua kazi inayofanyika mle. Yule mwalimu wetu wa Edinburgh, mama mwembamba wa Kiskoti, koti lake lina matundu ya sigara kifuani, mwaka wa sabini na nne, baridi ya kuvunja meno, sisi kumi na mmoja kutoka nchi za jua tumekaa darasani na makoti yetu kama abiria waliokosa treni, alichora duara ubaoni akalijaza nukta, akasema hizi ni chembe nyeupe za damu, na kila moja inajua sura moja tu, sura moja katika maisha yake yote. Aliziita T, herufi tu, kwa ajili ya tezi iitwayo thaimasi, ndama anayo kubwa, kuanzia kifuani mpaka shingoni, wachinjaji wa kule huiuza ikaangwe na siagi na mimi niliila kabla sijaambiwa kwamba ni shule. Ni shule. T zinaingia mle zikiwa changa, kati ya mia zinazoingia zinatoka chache sana, zilizobaki zinafia ndani, hasa zile zinazotaka kupigana na mwili wenyewe, nikanyoosha mkono nikasema, Madam, kwetu hiyo tunaiita C.P.E., mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na hakuna aliyecheka isipokuwa Obura wa Kisumu, huyo alicheka mpaka akaombwa atoke nje apumue. Halafu akasema jambo lililonifanya niache kuchora ng'ombe pembeni mwa daftari. T haimwoni adui. Mlete adui mzima mbele yake, inapita kama haikuona kitu. Mpaka chembe nyingine ya mwili ule ule iwe imemmeza yule adui huko ngozini, ikamtafuna, ikachukua kipande chake kidogo ikakibandika nje, juu yake yenyewe, kama mtu aliyekishika kwenye kiganja, ikatembea nacho mpaka ndani ya tezi ya karibu, kama hii ya chini ya sikio, ikasimama ikiwaonyesha wapitao, huyu unamjua? na wewe, huyu unamjua?... na T zinapita, maelfu kwa maelfu, usiku na mchana, kila moja inapapasa kipande na kiganja kwa pamoja, kwa sababu kipande peke yake hakitoshi, lazima kiwe mkononi mwa mtu wa nyumba. Vijana wawili kule Australia walikuwa wametoka kuonyesha jambo hilo kwa panya, T za panya wa ukoo huu hazikujali kipande kile kile kikishikwa na mkono wa ukoo mwingine, na wenzangu wakaandika haraka haraka, mimi nikafikiri, lakini hiyo ni posa, nani hupokea mgeni aliyejileta mwenyewe langoni, hata akija na mbuzi kumi, lazima aje na mtu unayemjua. Na mwisho inapita moja. T moja katika hizo zote inapapasa, inasimama. Ndiye huyu. Hiyo moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane, siku kumi hazijaisha tezi imejaa, imevimba, inauma, mwili una homa, mwenye ng'ombe ana hofu, na Kipkemei anaweka msumari motoni. Siku hiyo hiyo. Siku ya masomo ndipo mtu anakuja kuchoma darasa, na darasa lingine huyu hana, na mitihani, kupe wenyewe, iko msituni kule kwenye nyasi, inang'ang'ania majani ikiinua miguu, inangoja sikio lipite...

"Daktari." Amesimama sasa, nasikia msumari ukikwaruza jiwe. "Mimi na wewe ni wazee. Tusipigane mbele ya mama." Hatupigani. "Basi sogea." Sisogei. "Utashika mkia ya ng'ombe mpaka lini?" Mpaka Jamhuri Dei, nasema, mje na bendi, na anacheka tena, na msumari unarudi kwenye makaa, nimenunua dakika moja kwa mzaha, biashara yangu ya maisha yote, lakini Nyakio hacheki, Nyakio anaangalia mkono wangu, huu wa kulia, na anajua kuhesabu, dakika tatu zimekwisha zamani, zilikwisha nadhani nikiwa bado Edinburgh. Ndiyo. Zimekwisha. Themometa imeiva humo ndani, ina jibu, na sijaitoa. Nimesimama hapa nikijiambia nalinda tezi na kwa kweli najificha nyuma ya ng'ombe, pahali pazuri pa kujificha, hakuna anayekuja kukutafuta huku.

Kwa sababu kuna nusu nyingine, na hiyo sijamwambia mtu. Mdudu wa ndigana haogopi tezi. Anaipenda. Anaingia ndani ya chembe nyeupe zenyewe, zile zile zilizoitwa zimtambue, anakaa humo, anazifanya zigawanyike kwa faida yake, zikigawanyika naye anagawanyika, mbili, nne, nane, tezi imejaa, imevimba, homa. Uvimbe ule ule. Yai lile lile la kuku. Nimeubonyeza asubuhi kwa kidole, nikafanya uso wa mtu anayejua, na kidole hakijui, hakuna kidole duniani kinachojua kama mle ndani darasa linasoma au darasa limetekwa na aliyesimama ubaoni ni mwizi. Ndiyo maana naogopa chuma cha Kipkemei, na ndiyo maana naogopa zaidi kipande hiki cha kioo nilichokishika mimi.

Nimewahi kusimama hivi, kungoja mtu wa ndani aseme. Mwaka wa hamsini na nne, Hali ya Hatari, uwanja wa mbele ya ghala, si mbali na hapa, tulipangwa mstari mmoja jua la asubuhi likitupiga usoni, na akaletwa mtu amevaa gunia mpaka magotini, gunia lina matundu mawili ya macho, akapita mstarini polepole, mzungu mwenye fimbo nyuma yake. Mtu wa kwenye gunia alikuwa mtu wetu. Mwingereza hakuweza kututambua mwenyewe, kwake sote tulikuwa sura moja, alihitaji mtu wa nyumba amwonyeshe nani amekula kiapo. Alisimama mbele yangu nikasikia pumzi yake, alikuwa amekula kitunguu, akasimama muda mrefu, nikajaribu kufikiria mzaha na mara ya kwanza maishani sikupata, akapita, akasimama mbele ya Mathenge, tuliyekuwa naye Bama, aliyekuwa hana kosa ila kucheka kwa sauti, akaitikia kwa kichwa. Mara moja tu. Mathenge akaingizwa kwenye lori. Nilipokaa kwenye darasa lile la Edinburgh, yule mama anasema T haimuui adui peke yake, inaua hata chembe ya nyumbani ikikuta kipande cha adui kimebandikwa juu yake, wenzangu waliuliza maswali na mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikasema ni tumbo. Niliapa tangu siku ya lori kwamba uso wa nyumbani sitauamini kwa sababu tu ni wa nyumbani...

na nani alikuja kwa Nyakio na uso wa nyumbani. Nani alimsalimia kwa Kikuyu cha mama yake, akanywa uji wake vikombe viwili, akamuuliza Njoki anasoma darasa la ngapi, akamsifu ng'ombe, na kwenye thamosi alikuwa na ndigana. Ndigana yenyewe. Maji yale yasiyo na rangi si dawa, ni kupe waliosagwa maabara na ugonjwa wao ukiwa hai, ukagandishwa, ukaletwa Solai kwa landrova, na ile ya njano ndiyo dawa, kazi yake ni kuuzuia ugonjwa usikimbie, mwili upate siku za kujifunza sura yake. Mnyama wa mwisho wa mjane nimemtia kwa mkono wangu ugonjwa uliomuua mama yake, nikichekesha. Peterson alisema wenyeji wasielezwe sana, watakataa, na mimi ambaye nimebishana na makapteni, na mahakimu, na mke wangu, hapo sikubishana, nilisema yes sir, kwa sababu na mimi niliona watakataa. Mle ndani ya gunia huoni gunia, unaona watu tu, tena unawaona vizuri sana, na unajidhani uko nao mstarini.

Na bado nasema hapana kwa msumari. Hiyo haijasogea hata inchi, darasa halichomwi, Peterson hapati kitu kwenye barafu, lakini asubuhi nzima nimemnunia huyu mama kwa kumwita Kipkemei, na angemwita nani, nilimpa jina tupu, dawa ya kuzuia, nani duniani hutambua jina tupu, hata T haifundishwi kwa jina, inaonyeshwa kipande chenyewe, kibaya, kinachonuka, na mtu wa nyumba anasimama nacho hadharani uso wazi. Uvimbe umekuja na yeye akauona kwa jicho alilo nalo, jicho la kufiwa na ng'ombe watatu, jicho zuri, ni mimi niliyelinyima... sema. Sema sasa kabla hujaangalia namba, ukiangalia kwanza halafu useme hiyo itakuwa biashara nyingine, ikiwa nzuri utasema kwa majivuno, ikiwa mbaya utasema kwa kujitetea, au hutasema.

"Mama Njoki," nasema. "Ile maji nilimdunga chini ya sikio haikuwa dawa." Kamba inakazika kidogo. "Ilikuwa nini?" Ilikuwa ndigana. Makaa yanalia kidogo, kuku anapita, na Kipkemei ndiye anayeuliza, polepole, "Yenyewe?" Yenyewe, hai, ile ya njano ndiyo dawa, ni ya kuishika isimuue haraka, nilitaka augue kidogo ndio asiugue tena. "Na huu uvimbe," anasema Nyakio. Nilijua utakuja. "Na homa." Nilijua. Sikukuambia kwa sababu ungekataa. "Ningekataa," anasema, bila kupandisha sauti, mkono wake uko kwenye paji la Kamishna, vidole vinakwenda na kurudi kwenye manyoya, "lakini ilikuwa yangu kukataa." Ilikuwa yako, nasema.

"Baba yangu," anasema Kipkemei, na sasa amechuchumaa, sioni mikono yake, "ndama ikipona hii ugonjwa, alikuwa anapasua sikio yake kidogo hapa juu. Hiyo haiuzwi. Hiyo ukipeleka popote, hata kwa kupe mingi namna gani, haishikwi. Alikuwa anasema hiyo imeona." Imeona. Miezi sita ya baridi, sahani ngapi za kabichi iliyochemshwa mpaka ikaomba msamaha, cheti na muhuri, na neno lenyewe liko hapa siku zote, limechuchumaa kando ya msumari wa reli, nami sikuwahi kumuuliza, nilikuja kumfundisha. Ndiyo hivyo, namwambia, ndiyo nilikuwa najaribu, ione bila kufa. "Lakini hiyo ya baba ilikuwa Mungu anachagua," anasema. "Hii umechagua wewe. Wewe ni mtu hatari, Daktari ya mkia."

"Sasa hivi," Nyakio anauliza, "hapo ndani, inaona ama inakufa?" Swali la Edinburgh yote, na amelipata bila ubao. Sijui, nasema, na neno hilo nimelisema mara chache kiasi kwamba Kipkemei anainua kichwa. Kwa nje ni kitu moja, Mama Njoki. Ikiwa imeshuka chini ya arubaini, imeona. Ikiwa imefika arubaini na moja, tumeshindwa, na chuma haitasaidia na mimi sitasaidia. Nimeambiwa ikifika hapo nichinje nipeleke tezi kwa barafu. Sitachinja. Mwenye kuitaka aje mwenyewe, na apitie kwangu. Nitakaa hapa, nitamnywesha maji kwa chupa, nitamtafutia kivuli, mpaka ijulikane moja. "Na nikisema Kipkemei achome?" Mkia ni mzito, bega linawaka. Nitakuambia ni makosa, nasema, nitapiga kelele mpaka wanisikie Nakuru, lakini mkono yake sitashika. Nilikunyima mara moja. Msumari bado uko kwenye makaa, hajautoa na hajausukuma ndani, Kipkemei anamtazama Nyakio, si mimi, na ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu siku ya thamosi.

"Toa basi tuone," anasema Nyakio. Na sitoi. Njoo uitoe usome wewe, nasema, tarakimu anazijua, ndiye anayeandika maziwa ya ushirika tangu mumewe afe, kuna mstari wa fedha katikati ya kioo, mwembamba, unauzungusha polepole mpaka uonekane, usiniangalie mimi usoni, angalia pale mstari umeishia. Anafikiri. Kamishna anahema, mbavu zinapanda na kushuka, haraka, au si haraka sana, mimi tena sijui. Halafu anaifunga kamba kwenye nguzo, mafundo mawili, anajifuta mikono kwenye leso, sioni uso wake, nasikia tu gambuti zikivutwa kwenye matope, zinakuja kwa ubavuni, na mimi ambaye maisha yangu yote nimetangulia kusema ili mtu mwingine asipate nafasi, nanyamaza, nasogea kando hatua moja, nainua mkia juu zaidi ili mwanga uingie.